Kipimo cha Bwana Mizani

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na kurasa mbili. Mzee aliisoma mara tatu, kalamu mkononi, kabla ya kuipeleka sebuleni alipokuwa mkwewe. Hakumpa mkononi. Aliiweka kando ya mkasi, akakohoa kidogo, akasema hospitali wanataka aende na mtu mzima, kisha akarudi chumbani kwake na kufunga mlango.

Mkwewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, mumewe akiwemo. Aliondoa miguu kwenye kanyagio, akaichukua ile karatasi na kuisoma amesimama. Siku tatu kabla ya kipimo: maharage marufuku, mboga za majani marufuku, matunda yenye mbegu marufuku. Siku moja kabla: hakuna kula chochote, ni maji, chai ya rangi na mchuzi uliochujwa tu. Jioni yake, lita mbili za dawa ya kusafisha tumbo. Alfajiri, lita mbili nyingine. Mgonjwa asikae mbali na choo. Mwisho kabisa, kwa herufi nene, iliandikwa kwamba kabla ya kuondoka nyumbani mgonjwa au msaidizi wake ampigie simu muuguzi, amweleze choo kimefikia rangi gani.

Hapo Fundi aliketi.

Ni yeye aliyekuwa ameanzisha mambo. Mwezi mmoja na nusu nyuma, akifua nguo za mzee, aliona damu. Mara ya kwanza alijiambia ni jipu. Mara ya pili hakuwa na la kujiambia. Mara ya tatu haikuwepo, kwa sababu mzee aliamka mapema, akajaza ndoo, akafua nguo zake za ndani mwenyewe na kuzianika chumbani, dirishani, nyuma ya pazia. Hapo Fundi alijua kwamba mzee amejua kwamba yeye anajua. Wiki nzima walipishana koridoni kila mmoja akitazama ukuta wake. Mwishowe alimpigia mumewe, mumewe akampigia baba yake, na baba yake, baada ya ubishi mrefu, akaenda kumwona daktari, ambaye aliagiza utumbo mpana upigwe kamera.

Mume alikuwa dereva wa lori. Alipoambiwa tarehe, alikuwa kwenye foleni mpakani, siku sita au saba kutoka nyumbani. Tarehe nyingine ilikuwa baada ya miezi mitatu, na daktari alikuwa amesema wasingoje. Fundi alipompigia jioni hiyo, mume alishauri aombwe jirani yeyote mwanamume. Fundi akauliza jirani gani, na atamwambia anakwenda kufanyiwa nini. Mumewe akacheka kile kicheko chake cha kujitoa kwenye jambo.

"Baba hatakubali uende naye wewe," alisema.

"Karatasi ameniletea mimi," Fundi alijibu.

Kwa miaka sita, tangu alipofiwa na mkewe na kuhamia kwa mwanawe, mzee hakuwahi kukanyaga sebuleni bila shati lililofungwa vifungo vyote. Alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini, akizunguka masokoni na madukani na sanduku la mawe ya shaba ya kupimia, akinasa waliochimba mawe yao chini ili yapungue uzito au waliobandika sumaku chini ya sahani ya mizani. Mtaani bado walimwita Bwana Mizani. Muuza nyama alikuwa akimwona tu anaongeza kipande bila kuombwa, jambo lililomuudhi mzee kuliko kupunjwa, kwani naye alikuwa amelipa kilo moja na alitaka kilo moja. Kwa mkwewe alikuwa mpole, mwenye shukrani, na mdomo mzito. Walizungumza habari za mvua, za bei ya kitambaa, za mjukuu na masomo yake. Mwili haukuwemo katika mazungumzo yao. Hata mafua aliyaita "hali ya hewa".

*

Siku ya kutokula, Fundi alimpeleka binti yake kwa mama yake mdogo akalale huko. Wateja hakuweza kuwapeleka popote. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na sebule yake, ambayo ndiyo karakana, ilijaa sketi na kaptula za sare zilizopangwa hadi dirishani. Choo cha nyumba kilikuwa kimoja, nyuma ya ukuta wa sebule hiyo hiyo, mlango wake wa mbao nyembamba ukiwa umeacha nafasi ya kiganja kutoka sakafuni. Siku za kawaida hakuna aliyeliwaza hilo. Siku hiyo Fundi aliliwaza tangu asubuhi.

Mzee aliichanganya dawa mwenyewe. Alileta jagi lenye alama za vipimo, akaliweka mahali palipo sawa, akainama hadi jicho lake likawa usawa wa mstari, akamimina maji mpaka yakagusa mstari kwa chini, si juu yake. Unga ulipoyeyuka alionja ncha ya kijiko. Fundi alimwona akifumba macho.

"Ikoje, baba?"

"Ni kama maji aliyooshea mtu sufuria ya chumvi," alisema mzee, "kisha akatia sukari ili asamehewe."

Glasi moja kila dakika kumi na tano. Saa kumi jioni alianza, saa yake ya mkono ameivua na kuiweka mbele yake. Glasi ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Ya tatu aliishikilia mdomoni muda mrefu kabla ya kuimeza, na tumbo lake likatoa mlio ambao wote wawili walijifanya hawakuusikia. Ghafla akasimama, akatembea kwa hatua za haraka na fupi, mtu anayekataa kukimbia, akaingia chooni.

Wakati huo huo mlango wa mbele ukabishwa. Alikuwa mama mmoja wa mtaa wa pili, mwenye watoto wanne na sare nane, mwongeaji asiye na breki. Aliketi, akaanza na habari za joto. Kutoka nyuma ya ukuta ikaja sauti ya kwanza, na haikuwa ndogo.

Fundi hakufikiri. Miguu yake iliruka kwenye kanyagio, akatia mashine mbio, ikanguruma hadi mkasi ukatetemeka mezani. Mama wa sare alipaza sauti, Fundi naye akazidi kukanyaga, akitikisa kichwa kana kwamba anamsikia. Sindano ilipanda na kushuka bila kitambaa chini yake. Mama wa sare aliliona hilo. Alitazama sindano, akatazama ukuta, akanyamaza, jambo ambalo wengi mtaani wasingeliamini. Baada ya muda akasema kwa sauti ya chini kwamba atarudi kesho kutwa, na kwamba asishindwe kumwambia akihitaji chochote. Alipotoka alivuta mlango taratibu.

Fundi hakujua kama anashukuru au anataka ardhi impasukie. Wala hakujua mzee, kule ndani, amesikia nini. Mzee alitoka akiwa amenawa uso, shati limefungwa hadi shingoni, akapita bila kumtazama, akarudi kwenye glasi yake.

Ikawa hivyo jioni yote. Mzee anainuka, mashine inanguruma. Mzee anarudi, mashine inanyamaza. Kati ya glasi ya tano na ya sita Fundi alikwenda jikoni kuchuja mchuzi, na alipogeuka aliona jambo ambalo hakutarajia kuliona maishani mwake. Mzee alikuwa amesimama kwenye sinki, mgongo kwake, akiimimina glasi nzima polepole pembeni mwa bomba ili isipige kelele.

Angeweza kurudi nyuma. Hilo ndilo lililokuwa desturi yao, kurudi nyuma kabla mwingine hajageuka. Lakini karatasi ilisema wazi kwamba tumbo lisiposafika, kamera haitaona kitu, na mgonjwa atarudishwa nyumbani akaanze upya. Na miezi mitatu ni mingi.

"Baba," alisema, "unapunja."

Mzee aliganda na glasi mkononi. Masikio yake yalibadilika rangi. Fundi alitamani aurudishe ulimi wake, na papo hapo akaona mabega ya mzee yakianza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, ameshika ukingo wa sinki, mpaka akalazimika kufuta macho kwa mkono wa shati.

"Nimewakamata watu miaka thelathini," alisema, "wala hakuna aliyeniambia kwamba kupunja ni kutamu hivi."

Akakiri zilikuwa glasi mbili. Fundi akamwandalia mbili za kufidia, akazipoza kwa barafu, akamtafutia mrija ili zisikae ulimini. Alisimama karibu mpaka zikaisha. Mzee hakumwambia aondoke.

*

Alfajiri ilikuwa ngumu zaidi. Mzee alikuwa hana nguvu, midomo imekauka, na sehemu ile ya mwili imechubuka kiasi cha kutembea kwa kupanua miguu. Fundi alikuwa ameacha kikopo cha mafuta ya kujipaka juu ya stuli, mlangoni mwa choo, bila neno. Alipopita tena, kikopo hakikuwepo. Alikaa kwenye mashine yake gizani, akangoja, na mlango wa choo ulipofungwa akaanza kukanyaga.

"Mkwe wangu," mzee aliita kutoka ndani.

Alisimamisha mashine.

"Acha kushona hewa. Utaharibu mashine, na watoto wa watu wanakwenda shule."

Fundi alibaki na mikono juu ya meza. Kumbe alijua tangu glasi ya tatu. Alikuwa akikaa mle ndani, mzee wa watu, akisikiliza jinsi anavyofichiwa aibu, huku akijifanya hajui kwamba anafichiwa.

"Sawa, baba," alisema. Akaiacha mashine kimya. Kilichosikika kikasikika, wala nyumba haikuanguka.

Saa kumi na mbili ikafika, saa ya kumpigia muuguzi. Fundi alisimama nje ya mlango wa choo na simu mkononi. Alijikaza, akauliza.

"Baba, wanataka kujua rangi."

Maji yalidondoka kwenye ndoo.

"Chai," alisema mzee.

"Ya maziwa?"

"Ya rangi. Nyepesi."

Muuguzi alisema bado kidogo, amalize iliyobaki kisha wangoje nusu saa. Mzee akamaliza iliyobaki. Nusu saa baadaye aliita mwenyewe kabla hajaulizwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kipimo mbele ya mwenye duka.

"Ni njano, maji matupu. Naona hadi chini. Waambie hakuna hata punje."

*

Wodi ya kipimo ilikuwa na viti vya plastiki ukutani na televisheni isiyo na sauti. Watu saba walikuwa wamekaa wakiwa na nyuso za kufunga, kila mmoja na msindikizaji wake, na hakuna aliyeuliza mwenzake umekuja kwa nini. Muuguzi wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti inayofika mbali, alianza kujaza fomu ya mzee hapo hapo mbele ya wote. Choo mara ngapi kwa siku? Damu ya namna gani, nyekundu au nyeusi? Imechanganyika au iko juu? Mzee alijibu kila swali kwa neno moja, macho kwenye viatu vyake. Fundi alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Kuna mtu kwenye familia amewahi kuugua saratani ya utumbo?"

"Hapana," alisema mzee.

Muuguzi akaandika. Kalamu yake ilikuwa imeshashuka kwenye mstari mwingine mzee aliposema, "Kaka yangu. Walisema ni tumbo."

"Tumbo gani?"

"Tumbo. Alikonda, akatokwa damu, akafa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo, wala mimi sikuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha."

Muuguzi aliinua uso kwa mara ya kwanza. Alifuta alichoandika, akaandika upya, na maswali yaliyobaki aliyauliza kwa sauti ya chini.

Alimpa mzee gauni la hospitali, akamwonyesha pazia. Fundi alingoja nje ya pazia hilo dakika tano, kisha kumi. Alisikia kitambaa kikisuguana, kikatulia, kikasuguana tena. Muuguzi alikuwa ameitwa upande mwingine.

"Mkwe," ilikuja sauti kutoka ndani, ndogo sana. "Hili vazi liko wazi nyuma."

"Lina kamba, baba."

"Moja imekatika. Na nyingine siifikii."

Fundi aliingia. Mzee alikuwa amesimama akitazama ukuta, mikono yake miwili nyuma akijaribu kukutanisha pande mbili ambazo hazikutaka kukutana. Mgongo wake ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani, mifupa inahesabika. Fundi alitazama kitambaa tu. Akafunga kamba iliyokuwepo, akachomoa pini mbili kwenye ukosi wa blauzi yake, mahali anapozichomeka akiwa kazini, akaziba palipobaki wazi, akapitisha kidole ndani kuhakikisha hazitamchoma.

"Mshono mbaya huo," alisema. "Aliyeshona gauni hili hakulipwa."

"Au alilipwa akapunja," alisema mzee, bado anatazama ukuta.

Wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakamchoma sindano ya kupitishia dawa mkononi, wakamsukuma. Kabla ya mlango wa pili aliinua kichwa kumtafuta Fundi kwa macho. Alipomwona alikirudisha kichwa chini. Fundi alikaa kwenye kiti cha plastiki na shati la mzee mapajani. Alilikunja, akalikunjua, akaona kifungo cha pili kinalegea, akatafuta uzi mkobani.

Baada ya kama saa moja aliitwa. Mzee alikuwa amelala ubavu wa kushoto, nusu macho nusu usingizini, tumbo limejaa kama ngoma kwa hewa waliyomtia. Muuguzi mwenye sauti ya kufika mbali alikuwa amemwinamia.

"Mzee, usibane. Hii ni hewa yetu, turudishie. Huondoki hapa mpaka niisikie."

Mzee alimwangalia Fundi. Fundi aligeuza kichwa kutazama dirishani. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha mzee, mkaguzi wa mizani, ambaye miaka sita hakuwahi hata kupiga chafya bila kuomba radhi, aliiachia hewa yote ya serikali kwa mpigo mmoja mrefu. Nyuma ya pazia la jirani mtu alisema, "Hongera, mzee," na mtu mwingine akacheka, na kicheko kikapita kitanda hadi kitanda.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, asiyezungukazunguka. Alisema wameona vinyama vitatu vilivyoota utumboni. Viwili vidogo wameviondoa, havina neno. Cha tatu kilikuwa kikubwa, na ndicho kilichokuwa kikitoa damu. Wamekiondoa kwa vipande, wamepeleka maabara, majibu yatatoka baada ya wiki mbili. Hakusema ni kibaya, wala hakusema si kibaya. Alisema tu kwamba kingebaki mle ndani mwaka mmoja zaidi, wangekuwa wanazungumza mengine. Kisha akauliza mzee ana watoto wangapi.

"Mmoja. Wa kiume."

"Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Kwa habari za kaka yako, na kwa nilichokiona leo, naye aje. Asingoje kuumwa."

*

Kwenye teksi mzee aliongea njia nzima, jambo ambalo Fundi aliliona ni kazi ya dawa ya usingizi aliyochomwa. Alisema alizinduka kidogo katikati, akaona kioo cha ile kamera, akajiona kwa ndani. Palikuwa na rangi ya waridi, panameremeta, pamekwenda kona kama bomba jipya. Alisema hakuumia, ila kulikuwa na mvuto mmoja kwenye kona, kama mtu anayevutwa mkanda. Alisema daktari amemwambia kwamba kati ya wote wa asubuhi ile yeye ndiye aliyejisafisha vizuri zaidi. Hilo alilirudia mara mbili, na dereva akampa pongezi bila kujua ni za nini.

Nyumbani alikula mayai mawili na mkate mweupe, akiwa sebuleni, kwenye kiti cha wateja. Hakwenda chumbani. Fundi alirudi kwenye sare, akawa anakunja pindo la sketi. Hawakuongea mengi. Mara moja mzee alisema kwamba wiki mbili ni siku kumi na nne, na Fundi akasema ndiyo, na wote wakajua kwamba kila mmoja amekwisha kuanza kuzihesabu.

Simu ya Fundi ililia saa tisa. Alikuwa mumewe, bado yuko kwenye foleni, akiuliza imekuwaje. Fundi alianza kumweleza kwa mafumbo waliyozoea, kwamba baba yuko salama, kwamba wameona vitu vidogo, na mzee akanyoosha mkono.

"Nipe."

Alimweleza mwanawe yote. Alisema damu, akasema choo, akasema utumbo, kila kitu kwa jina lake na kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea wenye maduka makosa yao. Alisema baba yako mkubwa hakufa kwa tumbo tu, alikufa kwa ugonjwa ambao sisi wenyewe tuliunyima jina. Alimwambia atakaporudi hatapumzika hata siku moja, atakwenda kuchukua tarehe. Dawa ni mbaya mdomoni, lakini haiui, na aibu yake inaisha ukifika glasi ya tano.

Upande wa pili kilisikika kishindo cha malori yakiwashwa, honi moja, mtu akipiga kelele kwa mbali. Fundi aliona uso wa mzee ukibadilika taratibu.

"Uko hapo?" mzee aliuliza.

Akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, na mkono wake usioshika simu ukakamata goti.

"Tangu lini?" aliuliza.

Fundi aliacha kukunja pindo. Mzee hakumtazama. Alingoja sauti ya upande wa pili ifike mwisho wake, ikafika, ikaanza kusema kwamba huenda ni kukaa sana kwenye kiti cha lori, kwamba damu yenyewe ni kidogo tu, kwamba asiambiwe mtu kwanza.

Mzee aliiondoa simu sikioni. Aliitafuta kwa kidole ile alama ya spika, akaikosa, akaipata, akaishika simu katikati yake na mkwewe.

"Mkeo yuko hapa," alisema. "Anza upya, naye asikie."